Jicho la Mlinzi

Mlango wa kliniki ya mishipa ya fahamu ulikuwa na bawaba iliyolegea, na mlinzi wake, Indiketa, peke yake ndiye aliyejua kuufungua bila kuuliza. Aliusukuma kidogo kwa bega, akaunyanyua kwa kiganja, kisha akauvuta. Tangu asubuhi alikuwa amefanya hivyo mpaka bega linauma, na benchi la wagonjwa bado lilikuwa limejaa hadi ukutani.

"Anayefuata, mama mwenye gauni la kijani," alisema. "Wengine tulieni. Mlango mmoja, mtu mmoja mmoja."

Alipomaliza kusema, upande wa kushoto wa uso wake ukaruka. Kope zilijibana zenyewe, shavu likapanda, pembe ya mdomo ikavutwa kuelekea sikioni, kisha vyote vikaachia kwa pamoja. Mzee mmoja kwenye benchi alitabasamu na kutikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa siri.

Wenzake walimpa jina la Indiketa kwa sababu taa ya upande mmoja tu ndiyo iliyowaka. "Leo unakata kona wapi?" walimuuliza kila asubuhi wakibadilishana zamu, naye alicheka nao. Mtu akikasirikia kila utani wa kazini, siku ya shida atakosa wa kumwazima hata nauli.

Lakini palikuwa na watu wasiotania. Katika jengo lile kila mlango ulikuwa na mlinzi, na jicho la mlinzi lilikuwa na maana yake. Akikukonyeza, maana yake zunguka nyuma, njoo na kitu mkononi, nitakufungulia. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote, ila mgonjwa wa mara ya pili alikuwa anaijua vizuri kuliko jina la daktari wake. Kwa hiyo watu walimfuata Indiketa mpaka chooni wakiwa na noti zilizokunjwa. Alizirudisha zote. "Bwana, huu ni ugonjwa," aliwaambia. "Sikukuita." Nao walijibu, "Naelewa, naelewa," wakarudi baadaye na noti kubwa zaidi.

Uso ulianza kuruka wanawe pacha wakiwa wachanga, na sasa pacha wanaandika insha. Mwanzo ilikuwa kope tu. Mama mkwe alisema jicho likicheza ujue mgeni yuko njiani, wakacheka, wakasubiri. Mgeni hakutokea, na mchezo wa kope ukashuka shavuni, ukafika mdomoni, ukaingia mpaka usingizini. Kwenye harusi ya shemeji yake alimkonyeza bibi harusi mbele ya ukumbi mzima. Mke wake, Mama Pacha, hakumsemesha wiki nzima, ingawa alijua. Kujua ni kitu kimoja, na kutazamwa na ukumbi mzima ni kingine.

Ndipo akaja daktari mgeni. Huyu alikuja mara moja kwa mwaka, akakaa wiki moja, na darubini yake ya upasuaji aliibeba mwenyewe kama mtoto. Siku ya kwanza alisimama mlangoni, akamtazama Indiketa usoni bila kucheka, akamwomba afumbe macho na kuyafumbua.

"Nyuma ya sikio lako, ndani, kuna mshipa wa damu umelalia mshipa wa fahamu unaoendesha uso," alimwambia. "Kila damu ikipiga, unaugonga. Wewe huna kosa lolote. Nitafungua tundu dogo, niweke kipande laini katikati, visigusane tena."

"Nitapona, daktari?"

"Wengi wanapona. Ila nisikufiche, wapo wanaopoteza usikivu wa sikio la upande ule."

"Sikio ninalo jingine," alisema Indiketa. "Uso ninao huu mmoja."

Basi akapangiwa Ijumaa asubuhi, nafasi ya mwisho kabla daktari hajaondoka Jumamosi. Wafanyakazi walitibiwa kwa dhamana ya hospitali, alimradi Katibu aweke sahihi. Leo ilikuwa Alhamisi. Jioni alitakiwa kulazwa, na Mama Pacha angeleta shuka, beseni na sabuni. Karatasi yake ilikuwa mezani kwa Katibu tangu Jumatatu.

Saa tano ikaja balaa. Kijana muuza viatu alikuwa amemleta baba yake, naye alikuwa wa mwisho kwenye benchi. Alimtazama mlinzi, uso wa mlinzi ukaruka, kijana akaitikia kwa kichwa. Indiketa hakumwona. Alikuwa ameegemeza bega mlangoni, mikono yote miwili kwenye ubao, akimtoa mgonjwa wa kiti cha magurudumu. Alihisi kitu kikigusa mfuko wa shati, akadhani ni mkono wa kiti.

Nusu saa ikapita, kijana akaanza kelele.

"We mlinzi, vipi? Mzee wangu mbona haingii?"

"Zamu yake bado, ndugu yangu."

"Bado nini, na umeshakula? Umenikonyeza mwenyewe! Nimekupa, halafu unaniruka!"

Korido nzima ikageuka. Na kama ada ya siku mbaya, Katibu wa hospitali alikuwa anapita na faili kwapani. Alisimama, akanyoosha vidole viwili, akachomoa noti kwenye mfuko wa shati la Indiketa. Hakuuliza neno. "Ofisini," alisema.

Ofisi ya Katibu ilikuwa na pazia zito na feni iliyofanya kazi, jambo ambalo wodi tatu za chini hazikuwa nalo. Katibu alikaa, akaweka noti juu ya kioo cha meza, na kando yake karatasi mbili. Moja Indiketa aliijua, ilikuwa ya upasuaji wake. Nyingine aliiona mara ya kwanza.

"Miaka yote hiyo kazini," Katibu alisema kwa upole, "na unatuaibisha kwa noti moja."

"Mkubwa, sikuichukua. Aliiweka mwenyewe. Na sikumkonyeza, uso wangu—"

"Najua habari za uso wako." Simu yake ikalia. Akaipokea akiwa bado anamtazama Indiketa. "Ndiyo, shemeji. Leo leo. Pitia kliniki kabla hawajafunga wakupime. Nafasi moja inaweza kupatikana, usiwe na wasiwasi." Akaikata.

Indiketa alihisi jasho likishuka mgongoni chini ya feni ile ile.

"Mimi si mtu mbaya," Katibu aliendelea. "Nikipeleka jambo hili kwenye kamati, utasimamishwa, na mfanyakazi mwenye kesi hapewi dhamana ya matibabu. Huo ndio utaratibu, sikuutunga mimi. Lakini tunaweza kulimaliza hapa. Hii ni barua ya onyo. Saini, tunaifungia kabatini, na ile nyingine nakusainia sasa hivi. Jioni unalazwa. Soma kama unataka."

Indiketa akasoma. Alisoma polepole, kwa jicho la kulia, maana la kushoto lilikuwa limejifunga. *Mimi, mlinzi wa kliniki, nakiri kwamba nilimkonyeza mteja kwa makusudi ili anipe rushwa.* Chini palikuwa na mstari wa sahihi.

Akachukua kalamu, na hakuna haja ya kumpamba: aliichukua kwa nia ya kusaini. Aliwaza kuamka Jumamosi na uso uliotulia. Aliwaza kumtazama mke wa mtu bila mume kukunja ngumi, na kupiga picha ya shule pamoja na wanawe bila mpiga picha kusema, mzee, tulia basi. Ncha ya kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Uso ukaruka kwa nguvu, mara mbili, tatu, mpaka chozi likamtoka, na hapo hapo swali likamjia. Akaiweka kalamu.

"Mkubwa, naomba nielewe kitu kimoja."

"Haya."

"Hapa nakubali kwamba jicho nililifumba mwenyewe, kwa makusudi. Na pale unanisainia nikapasuliwe kichwa kwa sababu jicho linajifumba lenyewe. Kesho daktari atakuwa anatafuta nini humo ndani?"

Katibu akaisogeza kalamu karibu naye tena. "Usiniletee mambo ya mahakamani. Hizo ni karatasi tu. Nani ataisoma?"

"Mimi nimeshaisoma."

Kisha upole wa Katibu ukaisha. Aliivuta karatasi ya upasuaji, akaipiga mstari kwa wino mwekundu kutoka kona hadi kona, taratibu, ili mwenyewe aone.

"Rudi kwenye zamu yako. Leo hakuna mtu wa kukushikia mlango. Kamati itakuita."

"Lini?"

"Ikikaa."

Indiketa hakurudi mlangoni moja kwa moja. Alipanda ngazi mbio hadi chumba cha upasuaji, alikokuwa daktari mgeni. Mlinzi wa pale, rafiki yake wa siku zote, alisimama katikati ya mlango na kuinamisha macho. "Ndugu yangu, usinitie majaribuni. Katibu ameshapiga simu. Na daktari hatoki mpaka usiku." Alionekana kuona haya. Lakini haya haifungui mlango, Indiketa akashuka.

Mama Pacha alikuwa ameshafika. Alikaa mwanzo wa benchi karibu na kiti cha mlinzi, beseni mapajani, ndani yake shuka iliyopigwa pasi na ndala mpya. Alimtazama mumewe mara moja tu.

"Nini tena, Baba Pacha?"

Alimweleza kwa sauti ya chini huku akifungua na kufunga mlango. Alipofika kwenye mstari mwekundu, Mama Pacha alishusha pumzi.

"Ungesaini," alisema.

"Ningesaini kwamba nawakonyeza wagonjwa?"

"Ungesaini kwamba wewe ni popo, kama ndiyo bei ya kupona! Hiyo heshima yako inalazwa wodi gani?" Sauti ilianza kumpanda, akaizuia. "Unadhani huo uso ni wako peke yako? Wewe huuoni. Mimi ndiye ninayeuangalia. Usiku ninaamka nauona unahangaika peke yake, umelala, nakuwekea mkono shavuni utulie. Hautulii. Miaka yote, Baba Pacha."

Hilo la mkono shavuni hakuwahi kuambiwa. Lilimuuma kuliko mstari mwekundu, na akajuta, akajuta kwelikweli, akatamani kupanda tena na kuomba kalamu. Miguu haikwenda.

"Ningesaini," alisema, "na wewe ungebaki kujiuliza. Kila nikiruka. Pale harusini, pale dukani. Ungesema, mbona alikiri?"

Mama Pacha akageuzia uso wake ukutani. Hakukana.

Saa kumi kasoro alitokea bwana mnene mwenye viatu vya kung'aa. Alipita benchi zima bila kulitazama, akafika mlangoni, akagusa kope yake ya kulia kwa kidole.

"Hii inanicheza cheza," alisema. "Mimi ni shemeji yake Katibu. Kuna nafasi yangu ya kesho, nimekuja kupimwa."

Indiketa alisimama wima. Uso, kama uliokuwa unangoja kutoa ushahidi wa kupinga kila atakalosema, ukaruka. Shemeji akatabasamu. Mkono ukaingia mfukoni.

"Toa mkono, mzee," Indiketa alisema, kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kazini. "Jicho hili linaumwa, halikukuita. Mwenye mlango ni mimi, na mimi nasema foleni inaishia kule, nyuma ya yule mama mwenye mtoto. Kaa."

Kijana muuza viatu, aliyekuwa bado anangoja na baba yake, aliinua kichwa, akautazama uso wa mlinzi ukiruka tena na tena bila mtu yeyote mbele yake wa kukonyezwa. Aliinamisha macho, akaanza kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Unajua unazungumza na nani?" Shemeji aliuliza.

"Najua. Ndiyo maana nimekuonyesha mahali pa kukaa."

Shemeji hakukasirika hata kidogo. Alitoa simu, akasema maneno machache, akaondoka kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Alizunguka kona ya jengo. Baada ya muda wote walisikia komeo likivutwa upande wa nyuma wa kliniki, na sauti ya nesi ikisema karibu, karibu sana, pole kwa usumbufu. Hakuna aliyeshangaa. Mama mwenye mtoto alimhamisha mwanawe kutoka goti moja kwenda jingine.

Indiketa alikaa kwenye kiti chake. Kamati ingekaa sasa, tena haraka, wala asingehitaji kuuliza lini.

Ndipo Mama Pacha akainuka na beseni lake. Indiketa alidhani anakwenda nyumbani, akafungua mdomo amsindikize hata kwa neno. Lakini mwanamke yule alipita mbele ya benchi lote, mgonjwa mmoja baada ya mwingine, akafika mwisho, akakaa nyuma ya mama mwenye mtoto. Akalipanga beseni mapajani.

"Mama Pacha, unafanya nini huko?"

"Nimepanga foleni."

"Ya nani?"

"Ya mgonjwa wangu. Hana dhamana ya mtu, hana kazi hapa. Ni mtu tu, anaumwa uso."

Watu wawili watatu walicheka, lakini si kwa ubaya.

"Daktari anaondoka Jumamosi," Indiketa alisema.

"Si atarudi mwakani?" Mama Pacha alijibu. "Mwakani nitakuwa nimesogea."

Indiketa akamwita anayefuata, na benchi zima likasogea, Mama Pacha naye akasogea.