Barua ya Theresia kwa Theresia

Mwalimu Theresia alipostaafu, alijipa kazi ya kuandika majina ya ukoo wao, kuanzia bibi wa kwanza aliyehamia Matombo. Alipanda milima kuwahoji wazee, kisha akawa anachapa kila kitu kwenye duka la intaneti pale Mwembesongo. Kufikia mwaka 2006 orodha ilikuwa na kurasa kumi na nne, zote ndani ya disketi moja.

Pazi, mwenye duka, hakuiamini ile disketi.

"Mwalimu, hii ikiharibika je? Jitumie orodha kwa barua pepe. Itakaa huko, utaifungua popote."

"Nijiandikie barua mwenyewe? Watu watasema nimechanganyikiwa."

"Nani atajua?"

Theresia akacheka, akakubali ili yaishe. Akaandika: "Mpendwa Theresia, pokea ukoo wako."

Wiki mbili baadaye ukoo ulikutana Dumila, nyumbani kwa mdogo wake, Maria. Asubuhi hiyo wawili hao walikwenda kwenye duka la kompyuta la hapo Dumila kuchapisha nakala. Fundi wa duka akaingiza disketi, akaitoa, akaipangusa, akairudisha. Wapi!

"Mama, ulikuwa unaiweka wapi?"

"Humu mkobani."

Fundi akaugusa mkoba. Kifungo chake kilikuwa cha sumaku. "Basi sumaku imeifuta yote."

Theresia akaketi. Wazee watatu waliomsimulia majina hayo walikwisha kufariki. Angemuuliza nani tena?

"Dada, huna nakala nyingine?" Maria aliuliza.

Theresia akainua kichwa. "Fundi, hapa mna intaneti?"

Ilikuwepo, ya kusuasua. Walingoja robo saa nzima mpaka barua ikafunguka. Maria akaisoma kwa sauti, kisha akamgeukia dada yake.

"'Mpendwa Theresia'? Nani huyu anakuita mpendwa?"

"Mimi mwenyewe."

Maria alicheka mpaka akashika meza. Kurasa zote kumi na nne zilikuwemo.

Mchana majina yakasomwa uani. Kwenye ukurasa wa nne Mama mkubwa Catherine akanyoosha mkono. "Umemwacha Mwanahawa, mama yake Mosi!"

"Huyo si wa tumbo hilo!" mwingine akadakia.

Ubishi ukapamba moto, wali ukapoa kwenye sinia. Theresia akavaa miwani, akachukua kalamu na kuanza kuandika pembeni mwa karatasi, uso umemjaa tabasamu.

"Haya, mmoja mmoja," akasema. "Mwanahawa alizaliwa na nani?"