Ndoo ya Waridi

Mwaka wa tisini na sita, baada tu ya Idd, Millicent wa Suna alipoteza rafiki kwa sababu ya ndoo ya mafuta. Usicheke kwanza.

Rafiki mwenyewe alikuwa Ruqia, mke wa Ahmednur mwenye duka, na duka hilo lilipakana na kibanda cha mboga cha Millicent. Siku ya Idd Ruqia alimletea pilau ndani ya ndoo ndogo ya plastiki yenye kifuniko, karatasi ya kampuni ya mafuta ya kupikia bado imeizunguka. Pilau ililiwa mpaka watoto wakagombania ukoko. Na ndoo je? Millicent aliona ni mkebe wa dukani tu, akawawekea kuku maji humo. Kila mtu hapa anajua kwamba chombo cha jirani kikija na chakula hakirudi kitupu. Lakini nani anarudisha takataka?

Basi Ruqia akaanza kununua sukuma kwa wengine, na salamu zikawa za shingo upande. Millicent alijichunguza asione alipokosea. Ilimuuma kwelikweli, maana tangu ahamie kutoka Ndhiwa hakuwa na mwingine wa kumweleza ya moyoni.

Mvua ya Machi ndiyo iliyomfumbua macho. Asubuhi moja alikuta karatasi imebanduka, na chini yake, kumbe, waridi jekundu limechapwa kwenye plastiki yenyewe! Ndani kulikuwa na mistari ya kupimia unga, kikombe kimoja hadi vinane. Akaketi na ndoo mapajani. Aliyeibuni hii, aliwaza, anawajua akina mama kuliko waume zao. Mafuta yakiisha ndipo chombo kinaanza kazi. Kisha aibu ikamshika, maana hiki kilikuwa chombo cha mtu, na alikuwa amekikalia mwezi mzima.

Aliisugua kwa majivu na ndimu, akaijaza njugu za Ndhiwa, akabisha mlango wa nyuma wa duka.

Ruqia alimpeleka jikoni. Rafuni zilipangwa ndoo tano za waridi, za mchele, dengu, chumvi, sukari na unga, na katikati pengo la ndoo moja.

“Mama Ayesha, nilidhani ni ya kutupwa,” Millicent alisema. “ Kuku wameinywea maji.”

“Ndoo si kitu, Mama Levi,” Ruqia alisema polepole. “Ilipokosa kurudi, nilidhani chakula chetu mlikimwaga.”

Machozi yalimlenga Millicent. Akamweleza habari za ukoko, nani alimnyang'anya nani, mpaka Ruqia akacheka akishikilia rafu, akasema kuku wa Suna sasa watamringia nani bila ndoo ya waridi. Akamimina njugu kwenye sinia, akaisuuza ndoo, akaijaza kaimati na kumrudishia.

Millicent akamwonyesha lile pengo.

“Liache,” Ruqia alisema. “Likizibwa, utakuja hapa na sababu gani?”