Kopo la Chumvi

Uweso, mumewe Saleha, alikuwa mtu wa kusukuma sahani chumvi ikipungua chembe tu. Lakini daktari aliposema tezi ya shingoni mwa Saleha ikishiba madini joto ya chumvi na samaki wa baharini haitaipokea dawa ya mionzi, kwa kuwa dawa yenyewe ni madini joto, Uweso alilibeba kopo la chumvi akampa jirani. Wiki mbili walikula sinia moja, chakula chapwa, na mtaa mzima wa Makorora unanukia changu wa kukaanga.

Huko Dar, Saleha alikokwenda kutibiwa, tezi iliinywa dawa yote. Saleha aliporudi baada ya mwezi, alilifuata kopo kwa jirani, akapika changu.

Uweso akaonja, akakunja uso, akamgeukia mkewe. "Mama Shadya, mbona chumvi kali hivi?"

Saleha akashusha tonge. Alhamdulillahi! Kumbe mwezi mzima, peke yake nyumbani, mtu huyu hakwenda kulidai lile kopo.