Choo Kilichomsubiri Mgeni Rasmi

"Utepe haukatwi," wifi yangu alisema kwa mara ya tatu, mkoba wenye mkasi ameubana kwapani. "Mgeni rasmi yuko njiani."

"Yuko njiani tangu saa tatu. Sasa hivi ni saa saba."

"Basi tutasubiri. Wewe katibu, mimi mwenyekiti. Usinipande kichwani."

"Wifi, hiki ni choo, si ikulu."

Akina mama wenzetu wa kikundi, kumi na mmoja ndani ya fulana za njano, wakajifanya wanakagua paa. Tulikuwa tumesafiri tangu alfajiri kuja kuona kazi ya mikono yetu: choo cha wasichana wa shule hii, chenye matundu manne, tulichokichangia mwaka mzima kwa kushona mapazia na kuuza mitumba. Kilikuwa kizuri, sitasema uongo. Mlango wa nje ulikuwa na kufuli, na mbele yake utepe mwekundu. Wanafunzi walikuwa wamesimama juani. Walishaimba nyimbo zote wanazozijua, sasa walikuwa wanazirudia.

Msichana mmoja mkubwa akatoka kwenye mstari, sweta kalifunga kiunoni, akamnong'oneza mwalimu mkuu. Mwalimu akamwonyesha barabara. Msichana akaondoka haraka, kichwa chini.

"Anakwenda wapi?" nikauliza.

"Nyumbani, mama. Wakubwa huenda kwao, nusu saa kwa miguu. Wengine hawarudi siku hiyo. Choo cha zamani kilititia wakati wa mvua."

"Na hiki kilikamilika lini?"

"Miezi minne iliyopita."

"Miezi minne! Mwalimu, ufunguo unao. Akili je?"

Akaingia ofisini, akarudi na faili, akalifungua kwenye barua yenye mhuri wetu. *Choo kisitumike kabla ya ufunguzi, ili wageni wakikute safi na picha zipendeze.* Chini yake palikuwa na sahihi yangu.

Niliikumbuka siku ile. Niliandika mezani jikoni, mkono mmoja kwenye kalamu, mwingine kwenye mwiko. Dakika tano. Kisha tukaahirisha safari mara mbili: kwanza fulana zilichapwa vibaya, halafu mgeni rasmi akasafiri. Kila mara nilimtumia mwalimu ujumbe kwamba tuvumiliane kidogo. Sikujiuliza ni nani anayevumilia.

"Tuliogopa," mwalimu akasema kwa upole. "Mngekikuta kimetumika mngeona tumewadharau. Na msaada wenu bado tunauhitaji, madarasa mawili hayana madirisha."

Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Hapa mwenyeji alikuwa amebanwa miezi minne akimngoja mgeni.

Nina mabinti wawili. Mlango wa choo chetu ukikwama, sisubiri hata nusu saa, namwita fundi.

"Mwalimu, nisamehe kwa yale niliyosema. Mrudishe yule mtoto. Na ufunguo nipe."

"Wifi!" Mwenyekiti akanishika mkono. "Mgeni rasmi nitamwambia nini?"

"Mwambie amekuta foleni."

Mama mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

"Mkasi," nikasema.

"Sitoi."

"Kaa nao."

Nimekata nyuzi za sare za shule kwa meno miaka kumi na mitano, utepe haukunishinda. Ulikuwa na ladha ya rangi. Nikautema. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, ufunguo ukagoma, nikaukazia mpaka ukazunguka.

Msichana alikuwa amerudishwa. Alisimama akihema, akimtazama mwenyekiti, kisha mwalimu, kisha mimi.

"Ingia, mwanangu."

"Si mpaka wageni waanze?"

"Wageni tulishamaliza yetu kwenye kituo cha mafuta. Ingia."

Akaingia. Nikasikia komeo likifungwa kwa ndani. Wasichana wengine wakaanza kusogea, mmoja mmoja, bila wimbo.

Kando ya mlango palikuwa na ndoo ya kunawia. Haikuwa na tone la maji. Ndani yake walikuwa wamesimamisha ua la plastiki kwa ajili ya picha. Nikaling'oa, nikamkabidhi wifi, nikabeba ndoo kwenda bombani.