Kitambaa Cheupe Ufukweni

Baba yangu alifundisha watu kuendesha gari maisha yake yote, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Breki. Kiharusi kilimlegeza mguu wa kushoto lakini mdomo hakikuugusa. Daktari alimwambia atembee kila siku ndani ya maji ya kiunoni, na kweli mguu ukaanza kupata nguvu. Kisha meli ikapasuka, mafuta yakatapakaa pwani nzima, ufukwe ukafungwa kwa kamba. Baba akarudi kwenye kiti, mguu ukaanza kukakamaa, nami nikajiunga na kikosi cha usafi. Wenzangu walikuja kuokoa ndege na mikoko. Mimi, sitaki unafiki, nilikwenda kwa ajili ya mguu wa baba.

Tulizoa mchanga mweusi, tukasugua mawe, tukapanda mikoko upya. Hatimaye mkaguzi akaja na utaratibu wake: maji yakipwa, unachimba shimo, linajaa maji, unatandika kitambaa cheupe chini kabisa na kusubiri. Kikitoka cheupe, watu waogelee. Kikitoka na doa, ufukwe unafungwa msimu mwingine mzima. Mguu wa baba usingesubiri hadi huko.

Mashimo yote yalitoka safi, likabaki moja. Hapo ndipo Breki alipovuka kamba.

"Shimo gani hili? Hata kuku anachimba zaidi!" akasema, akalichokoa kwa fimbo yake hadi chini kwenye kitambaa.

"Mzee, rudi nyuma ya kamba, tafadhali," mkaguzi akamwambia.

Kitambaa kilipotolewa, kilikuwa na doa jeusi.

Nikalitazama tena lile doa. Lilikuwa la duara, kama kizibo cha soda. Madoa ya mafuta yaliyokanyagwa namna hiyo yamejaa kwenye zulia langu sebuleni, na nimemgombeza mume wangu, fundi wa gereji, mpaka maskini anavulia viatu nje.

"Baba, lete fimbo."

"Ya nini?"

"Lete!"

Nikaigeuza. Mpira wa chini ulikuwa umegandwa na mafuta meusi, na jua lilikuwa limeyalainisha.

"Siku ile meli ilipopasuka nilikuja kukagua kama ni mafuta kweli," akasema kwa sauti ndogo.

Mkaguzi alicheka mpaka akakaa chini. Akachimba shimo jingine pembeni, refu zaidi, akaniashiria nimshike mzee wangu. Tukasubiri. Kitambaa kikatoka cheupe pe. Nililia mbele za watu na sikuona haya.

Kamba ikafunguliwa. Baba akaniegemea begani mpaka maji yakatufika kiunoni, kisha akaniachia. Akapiga hatua moja, akayumba.

"Nikuletee fimbo?" nikauliza, roho mkononi.

"Iache hukohuko," akasema. "Itatufungia ufukwe."

Akapiga hatua nyingine.