Bitana ya Taa

Wanawake wengine hufumania ujumbe kwenye simu. Wengine hufumania unywele kwenye kola ya shati. Bi Sindano alifumania mshono.

Alikuwa ametoka kumwaga maji ya kufulia, ndoo mkononi, akaliona gari la mumewe limeegeshwa uani. Juu ya paa, pale penye zile taa nne kubwa, kulikuwa na vifuniko vinne vyeusi vya turubai, vimekaa sawasawa kama kofia za watoto wa shule. Bi Sindano akaweka ndoo chini. Akapanda kwenye bampa, akanyoosha mkono, akavuta kimoja. Mpira ulinyooka ukarudi. Ukingoni kulikuwa na mistari miwili ya uzi, imeongozana bila kugusana, na kwenye maungio ncha ya uzi ilikuwa imerudishwa ndani ikafichwa. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Mkono uliokuwa unaficha uzi namna ile mjini pale ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa wa Pindo.

Akakipindua kifuniko ndani nje, akakuta kitambaa laini kimeshonewa kwa ndani, na hapo ndipo roho ilipomuuma kabisa.

"Bitana!" alisema peke yake uani. "Loo! Taa imetiwa bitana! Mimi, mke wa ndoa, nina gauni gani lenye bitana?"

Msimcheke. Wivu una historia yake. Yeye na Pindo walijifunza ushonaji darasa moja, benchi moja, na kila mwisho wa wiki mwalimu wao alikuwa anainua sketi aliyoshona Pindo juu juu na kusema, "Tazameni, wenzenu wanavyofanya." Bi Sindano alitazama sketi zile mpaka akazichukia. Jina la Pindo lilitokana na hapo: upindo wake ulikuwa hauonekani unaanzia wapi. La Bi Sindano lilitokana na kazi au na mdomo wake, wateja hawakuwahi kukubaliana. Sasa mmoja alikuwa na duka karibu na posta, mwingine alikuwa na cherehani kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, na walipokutana njiani walisalimiana kwa meno.

Na zile taa? Zilitokana na kazi. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva, alikuwa amepata kibarua cha msimu mzima: kuwapeleka wapima ardhi porini, ndani kabisa ambako njia ni mawe na mito. Mkubwa wao alimwambia wazi kwamba gari lisilo na taa za paa hawalitaki, maana giza huwakuta bado wana vyombo vyao vichakani. Dereva akafunga taa. Akapeleka gari kwenye ukaguzi, kifua mbele. Mkaguzi akatazama juu mara moja tu na kutikisa kichwa.

"Hizi ni za porini," mkaguzi alisema. "Huko washa upendavyo, waamshe hata nyani. Barabara ya umma ni kitu kingine. Taa ya paa lazima izibwe, isipitishe mwanga hata kidogo."

"Lakini sijaziwasha, mzee. Na swichi yake nimeiweka peke yake, kama inavyotakiwa."

"Swichi nimeiona, safi. Lakini sheria haikuulizi kama umewasha. Inakuuliza kama umeziba."

Dereva akaenda akazifunga kwa mifuko ya plastiki na kamba. Mkaguzi alicheka mpaka akafuta machozi, akamwambia akatafute fundi.

Sasa fundi si yumo ndani ya nyumba? Dereva akarudi mbio kwa mkewe. Na hapa ndipo ugomvi wao ulipoanzia, kwa sababu kila mmoja aliikumbuka siku ile kwa namna yake.

"Nani kashona?" Bi Sindano aliuliza, ametoka uani kukagua vifuniko, amesimama mlangoni mikono kiunoni.

"Nini?"

"Hizo kofia za taa zako."

Dereva hakujua kudanganya, hakuwahi kujua. Alikuna kichwa. "Pindo."

"Pindo!"

"Si nilikuomba wewe ukakataa? Ulisema unashonea watu, taa hazina kiuno."

"Nilikuwa natania!"

"Ulifunga mlango, mke wangu."

"Niliufunga kwa utani!" Bi Sindano alifyonza. "Bora ningekukuta na hawara. Hawara ningempigia kelele, watu wangekuja, wangeniamulia. Nitamwambia nani kwamba mume wangu anatoka nje kwenda kushonewa?"

"Nilikwenda na taa tu."

"Ulikwenda na taa, ukakaa kwenye kiti chake, ukanywa maji yake."

"Chai," alisema Dereva, masikini wa Mungu.

"Chai!"

Angenyamaza hapo yangekwisha. Lakini mwanamume alidhani anatuliza mambo. "Hiyo bitana hata sikumwomba. Kaitia mwenyewe, eti kioo kisikwaruzwe na vumbi. Ukiitazama ile kazi, mke wangu, yaani..." Akakosa neno, akabaki ametoa macho kama mtu aliyeonja kitu kitamu.

Tangu waoane Bi Sindano alikuwa amemshonea shati, suruali, koti la baridi, mito ya viti vya gari. Dereva hakuwahi hata siku moja kukosa neno mbele ya kazi ya mkewe. Alikuwa anavaa na kutoka.

Kesho yake mchana Dereva aliingia kuoga ili apeleke gari kwa mkaguzi mara ya tatu. Bi Sindano akachukua wembe wake wa kufumulia, akapanda kwenye bampa, akavua kifuniko cha mwisho kulia. Akakaa nacho kwenye ngazi. Kazi ilikuwa nzuri. Tuseme ukweli, ilikuwa nzuri kuliko yake, na hilo ndilo lililomchoma kuliko chai. Akauma mdomo, akaanza kukata uzi ulioshika mpira. Alikata kila mshono wa tatu na kuacha mingine, uzi ukabaki umelala mahali pake, ili jicho lisione kitu. Hakuwaza kazi ya mumewe wakati ule. Aliwaza uso wa Pindo tu, atakapoambiwa kwamba kazi yake imeachia. Akakirudisha juu ya taa, akakipapasa kikakaa vizuri.

"Kila la heri," alimwambia Dereva alipotoka, na akamwekea hata kola sawa.

Dereva alirudi jioni akiendesha polepole kama anayesindikiza maiti. Alizima gari akabaki ndani. Ilibidi Bi Sindano amfuate.

"Kimeruka," alisema Dereva. "Mkaguzi amekaa pembeni yangu, tunaingia barabara kuu, ananisifia. Ananisifia, mke wangu! Upepo ukaingia chini, kikapaa, kikaangukia mbele ya lori la mchanga. Stika ya ukaguzi sikupewa. Kaniambia nirudi kesho kabla hawajafunga, ya mwisho hiyo. Na keshokutwa alfajiri wapima ardhi wanaondoka. Nisipokuwa na stika wanachukua gari la mwingine, na msimu wote umekwenda."

Bi Sindano alikuwa amelenga jirani, jiwe limeingia dirishani kwake.

"Kesho asubuhi twende wote kwa huyo Pindo," Dereva aliendelea, safari hii sauti imepanda. "Mimi nitamwambia nini kuhusu uzi? Wewe ndiye fundi. Wewe utamwonyesha alipokosea."

Wewe ndiye fundi. Maneno aliyoyangoja tangu harusi yao, na akapewa siku ile! Alikuwa na usiku mzima wa kusema kweli, na hakusema. Alilala ameyakumbatia yale maneno huku yanamchoma.

Dukani kwa Pindo walikuta wateja wawili: mwalimu wa shule aliyekuja kujaribu koti, na mama mmoja aliyeshika vitambaa vya pazia. Pindo alikuwa na futi shingoni na miwani puani.

"Karibu shemeji. Karibu mwenzangu," alisema. Hilo la shemeji lilimkera Bi Sindano kila mara, maana lilimfanya yeye na Pindo ndugu.

Dereva alikitupa kifuniko mezani, bado kina vumbi la tairi. Akaeleza yote, lori, stika, wapima ardhi, kwa sauti ya kusikika mpaka posta. "Nilikuamini," alimaliza. "Mke wangu huyu hapa, fundi mwenzako, atakuonyesha."

Bi Sindano hakuonyesha kitu. Pindo alikipindua kifuniko polepole, akasogeza miwani. Uzi uliokatika kwa nguvu huchanika ncha, huacha manyoya. Huu ulikuwa na ncha safi, tena kila mshono wa tatu. Darasani kulikuwa na msichana mmoja tu aliyefumua hivyo, na mwalimu wao wa ushonaji alimgombeza kila siku kwa uvivu wa kutofumua mshono mmoja mmoja. Pindo aliinua macho akamtazama Bi Sindano, si sana, kiasi cha kumjulisha tu.

Kisha akavua miwani. "Kosa langu, shemeji," alisema. "Uzi ulikuwa mbovu, na mimi sikuupima. Nisamehe. Nipe muda mfupi, nitashona upya mwenyewe."

Mama wa mapazia alianza kukunja vitambaa vyake, kimoja kimoja, kama mtu aliyekumbuka ana shughuli mahali pengine. Mwalimu akaangalia mshono wa bega la koti lake. Pindo aliwaona wote wawili, akavuta mkasi.

Jamani, Bi Sindano si angefurahi? Si ndicho alichokitaka? Uso wa Pindo uko mbele yake, wateja wanaondoka, mume anamwita fundi. Lakini badala ya furaha alipandwa na hasira. Kwa hiyo huyu mwanamke atamshinda na hapa pia! Kamshinda upindo, kamshinda mpaka kwenye bitana, sasa amshinde na wema, halafu yeye aishi na deni hilo mpaka kaburini, kila akipita karibu na posta?

"Thubutu!" alipiga kelele. "Hilo sikuachii! Usinifanyie wema, we mwanamke, nani kakuomba? Uzi wako haukuwa na kosa hata nukta. Nimefumua mimi! Kwa wembe wangu, kwenye ngazi ya nyumbani kwangu! Na wewe mama, rudisha mapazia yako mezani!"

Mama wa mapazia akayarudisha haraka. Mwalimu akajifanya anahesabu vifungo.

Dereva alimtazama mkewe kama mtu anayetazama nyumba yake na kukuta mlango uko upande mwingine. Halafu akatoka, akaenda kukaa kwenye gari.

"Haya," alisema Pindo, na sauti yake ilikuwa kavu. "Umefumua wewe, utashona wewe. Mashine ile pale. Ila ufuate mkono wangu, mistari miwili, ncha ndani. Sitaki gari litembee na kofia tatu zangu na moja ya kihuni."

Bi Sindano akakaa. Hakuwahi kushona kwa uangalifu namna ile maishani mwake. Alitoa uzi wote wa zamani, mshono mmoja mmoja, akakata mpira mpya, akapitisha mstari wa kwanza, akapitisha wa pili, akaficha ncha. Akabadilisha hata bitana iliyochanwa na tairi. Dereva alikuja mara moja kuchungulia mlangoni, akamkuta ameinama juu ya mashine, akarudi kwenye gari. Alipomaliza, Pindo alikiweka kifuniko mezani kando ya vile vitatu vilivyovuliwa garini, akavitazama muda mrefu. Hakusema kizuri wala kibaya. Akavikunja tu, na Bi Sindano mwenyewe akakirudisha chake kwenye taa ya mwisho kulia.

Kwenye uwanja wa ukaguzi Bi Sindano alikaa kiti cha nyuma bila kualikwa. Mkaguzi alivuta vifuniko vyote kwa mikono miwili, akaingia mbele, wakaenda barabara kuu mpaka daraja la mbali na kurudi, gari likilia kwa mwendo. Hakuna kilichopepea. Waliporudi mkaguzi alipanda tena kwenye bampa, akavua kile cha kulia, akakipindua, akapitisha kidole gumba kwenye mistari miwili.

"Duh. Nani kashona hivi?"

Bi Sindano alifungua mdomo. Dereva akawahi.

"Pindo," alisema, akitazama mbele. "Wa karibu na posta."

"Mwambie aliyeshona hiki ana mkono mzuri. Nimekagua magari mpaka nimezeeka, sijaona kitu kama hiki."

"Nitamwambia."

Stika ikabandikwa kwenye kioo. Dereva aliwasha gari, wakatoka getini, vifuniko vinne vimetulia juu ya paa, na hata Bi Sindano asingeweza tena kuonyesha kipi ni chake kama asingejua ni cha kulia. Alikaa nyuma ameshika mkoba mapajani, macho kwenye kisogo cha mumewe, anasubiri aambiwe kwamba ana mkono mzuri. Walipita posta. Walipita duka la Pindo, na Dereva akapiga honi kusalimia. Wakafika nyumbani, injini ikazimwa, na bado hakuwa ameambiwa.