Duara Jeupe

Ubavuni mwa keki, krimu ya siagi ilikuwa imeshasukwa kama ukili, na maua yamepanga foleni ukingoni. Juu, katikati, palibaki duara jeupe, tupu. Fundi alilitazama kama mtu aliyelazimishwa kuchungulia kisima.

Kwa miaka kumi na mmoja watu waliusifu mwandiko wake. Hakuna aliyejua kwamba herufi alizichora kama alivyochora majani: mteja aliandika maneno kwenye karatasi, naye akanakili kila mkunjo bila kujua lipi lasema nini. "Andika mwenyewe, nisije nikakukosea," ndiyo iliyokuwa ngao yake. Ngao hiyo ilitoboka mara moja tu, katika duka la kwanza, aliponakili karatasi nzima juu ya keki ya bibi harusi, pamoja na agizo la mwisho: msitie karanga. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Alicheka nao, kisha akaambiwa akunje aproni yake na asirudi.

Mteja wa leo alikuwa seremala, mkono wa kulia umefungwa plasta, umening'inia shingoni. Mama yake alikuwa anatoka hospitali saa nane. Fundi alimsogezea karatasi. Seremala akamwonyesha plasta. Kutoka kaunta, bosi akasema kwamba Fundi ana masikio, aambiwe tu.

"Andika: Karibu nyumbani, Mama."

Maneno aliyasikia; maumbo yake ndiyo yaliyokuwa gizani. Jasho jembamba likamteremka mgongoni. Akaongeza ua. Akaongeza jingine. Duara likawa linapungua, naye akijidanganya kwamba likiisha, na hofu itaisha. Seremala akamtania kwamba mama anarudi kula, si kupalilia bustani. Bosi akainua kichwa.

Krimu ndani ya mfuko wa kuchorea ilianza kulainika kwa joto la kiganja. Fundi akakohoa, akasema mama yeyote hufurahia zaidi mwandiko wa mwanawe, hata wa mkono wa kushoto. Seremala akacheka, akatwaa mfuko wa krimu, na Fundi akaushika mkono wake usiteleze. Herufi zikatoka zimepinda kama kuku wanaokimbia mvua. Bosi akaridhika, akarudi kwenye simu yake.

Fundi amenusurika tena. Mbona basi moyo ulidunda vilevile? Leo plasta, kesho je? Hila nazo huchakaa, hata zisipofuliwa.

Akafunga boksi. Akalifungua tena, akashusha sauti.

"Mwanangu, hii ya kwanza inaitwaje?"

Seremala alidhani ni utani. Kisha akamtazama usoni, na kicheko kikakatika. Akainama, akapeleka kidole karibu na krimu bila kuigusa.

"Hii na hii, ukizisoma pamoja, ni *ka*."

Nyuma yao, kwenye kaunta, mazungumzo ya simu yakanyamaza. Fundi alijishikiza kwenye meza. Hakugeuka.

"Ka," alisema. "Na inayofuata?"